Mnazi mwekundu wa mapambo unapodhoofika: soma dalili, tafuta chanzo, rekebisha

Mnazi mwekundu wa mapambo, Cyrtostachys renda, hupandwa kwa ajili ya ala zake: ile sehemu ya chini ya kuti inayolikumbatia shina, ambayo kwa mti huu ni nyekundu iliyokolea pamoja na kikonyo chake. Asili yake ni kusini mwa Uthai, rasi ya Malay, Sumatra na Borneo, na huko unaota zaidi kwenye vinamasi karibu na pwani: udongo mweusi uliojaa mabaki ya mimea, tindikali nyingi, maji yasiyokauka, joto la mwaka mzima na hewa yenye unyevu. Ukiwa bustanini matatizo yake mengi yanatokana na kukosa kimojawapo cha hivyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji na udongo. Mbolea inafuata baadaye, kwa sababu mti ambao mizizi yake haiwezi kunyonya huzidi kuungua unapoongezewa mbolea.

Kwanza: ni kuti lipi limeathirika?

Kabla ya kununua dawa yoyote, simama mbele ya mti uangalie umri wa makuti yenye dalili.

Dalili zikianzia kwenye makuti ya zamani, yale ya chini, huku machanga yakiwa mazima, mti una njaa ya potasiamu, magnesiamu au naitrojeni. Virutubisho hivi vinahama: mti ukipungukiwa huvitoa kwenye kuti kuukuu na kuvipeleka juu. Dalili zikionekana kwenye makuti mapya na ya zamani yakabaki kijani, tazama chuma, manganizi au boroni, ambavyo havihami. Na mara nyingi nyuma yake kuna tatizo la udongo au mizizi. Makuti yote yakiharibika kwa pamoja, shuku ukavu, chumvi, baridi au mizizi iliyooza. Upande mmoja tu ukiharibika, basi ni jua, upepo au dawa iliyopulizwa. Na ikiwa ni lile jani la katikati lisilofunguka ndilo linalonyauka peke yake, ruka sehemu nyingine zote uende moja kwa moja kwenye sehemu ya "Jani la katikati linanyauka au linang'oka", maana hapo hakuna muda wa kupoteza.

Kuti lililokwisha kuharibika halirudi kuwa kijani kibichi. Usipime tiba yako kwa kuangalia makuti yaliyougua. Funga uzi wa rangi kwenye jani la katikati siku unayoanza tiba, kisha subiri mpaka lifunguke pamoja na lile linalolifuata. Mti huu hukua polepole, kwa hiyo jibu linaweza kuchukua miezi kadhaa. Anayebadilisha tiba kila baada ya wiki mbili hatajua kamwe kilichosaidia.

Vipimo viwili vinafaa kufanywa mapema. Cha kwanza ni pH ya udongo, yaani kiwango cha tindikali yake (namba ikishuka, tindikali imezidi): chukua kijiko kikubwa cha udongo kutoka kina cha sentimita 10, changanya na maji ya mvua mara mbili ya ujazo wake, koroga, acha dakika 30, kisha pima kwa karatasi au kipimo cha kielektroniki. Mti huu unastawi kati ya 4.5 na 6.5. Pima na maji yako ya kumwagilia pia. Cha pili ni cha siki: dondoshea siki kwenye udongo mkavu, ukitoa mapovu, una chokaa ndani yake, na habari hiyo pekee inaeleza nusu ya umanjano unaoonekana kwenye minazi hii.

Ncha za vijani (majani madogo yanayounda kuti) zinakauka na kuwa kahawia

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa karibu kila anayeupanda mti huu, na lina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa mbali lakini vinatofautiana ukikaribia.

Cha kwanza ni mizizi kukauka, hata kwa siku moja. Minazi mingi ya mapambo inavumilia kukaukiwa kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, huu hauvumilii. Ingiza kidole sentimita 5 ndani ya udongo, si juu tu. Kwenye chungu, kuna mtego ambao huwakamata hata wazoefu: mchanganyiko wa vumbi la makumbi au mboji ukikauka kabisa hukataa maji. Unamwagilia, maji yanatiririka kati ya udongo na ukuta wa chungu, yanatoka chini, unaridhika, na katikati ya donge la mizizi kumebaki kukavu. Inua chungu: kikiwa chepesi baada ya kumwagilia, ndivyo ilivyo. Kizamishe kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yakome kutoka, kwa kawaida nusu saa, kisha kitoe kichuje.

Baada ya hapo, weka chungu juu ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5. Kwa mimea mingine ya chungu ushauri huo ungekuwa kosa. Kwa huu ni njia ya kuurudisha kwenye hali ya kinamasi. Acha mti unywe maji yote ndipo ujaze tena, ili yasichache wala kuzaa mbu, na mara moja kwa wiki mwagilia kutoka juu mpaka sahani ifurike ili chumvi zishuke. Lakini mti uliokulia kitaluni kwenye udongo mkavu usiuzamishe ghafla. Mizizi yake iliota kwenye hewa nyingi na inaweza kuoza. Anza na sentimita 1 ya maji, ongeza kidogo kidogo kwa miezi miwili, mizizi mipya itaota ikiwa imezoea.

Ukiwa ardhini, kichaka chenye urefu wa mita 1 kwenye udongo wa kichanga kinahitaji lita 10 hadi 15 kila siku wakati wa joto kali. Udongo wa mfinyanzi unahitaji pungufu ya hapo. Tandaza matandazo ya unene wa sentimita 8 hadi 10 kwa duara la mita 1 kuzunguka kichaka, ukiacha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na mashina. Ukiwa na bwawa au mfereji, ukingo wake ndio mahali bora zaidi pa kuupanda.

Chanzo cha pili ni chumvi. Hapa ncha na kingo zinaungua zikiwa na mpaka mkali kati ya kahawia na kijani, na juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu kuna utando mweupe. Chumvi hutoka kwenye maji ya kisima, mbolea iliyozidi, samadi mbichi au upepo wa baharini. Ukiwa na kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji, maji yanayozidi 1 mS/cm hayafai kwa mti huu. Dawa ni kuosha udongo: pitisha maji ya mvua yenye ujazo mara tatu ya chungu, kwa awamu tatu, ukiacha robo saa kati ya awamu na awamu. Ondoa sahani wakati wa kazi hii, la sivyo chumvi itarudi juu. Usitie mbolea kwa wiki sita. Bustani iliyo karibu na bahari inahitaji kizuizi cha upepo, na makuti yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila siku ya upepo mkali kutoka baharini.

Cha tatu ni hewa kavu. Mizizi ina maji, hakuna chumvi, lakini makuti mapya yanafunguka yakiwa tayari na ncha kavu, hasa upande unaopigwa na upepo. Kunyunyizia majani maji mchana husaidia kwa dakika chache tu. Kinachosaidia kweli ni kuuweka mti katikati ya mimea mingine yenye majani mapana, kuukinga na upepo kwa ua wa mimea au neti, na kuacha matandazo yawe na unyevu muda wote.

Makuti mapya yana manjano, mishipa imebaki kijani

Ni upungufu wa chuma. Vijani vya kuti jipya vinakuwa na rangi ya manjano au karibu nyeupe, na ukivitazama kwa karibu unaona mistari myembamba ya kijani ikipita kwa urefu. Kwenye hali mbaya zaidi, kuti linatoka dogo kuliko lililotangulia na ncha zake hufa.

Mara chache udongo unakuwa hauna chuma. Chuma kipo, ila mti haukipati, kwa sababu mojawapo ya hizi: pH imepanda juu ya 6.5 hivi, udongo umegandamana au una maji yaliyochacha yasiyo na hewa, mti umepandwa kwa kina kupita kiasi, au mizizi imekatwa hivi karibuni. Kwa hiyo kabla ya kununua chuma, fukua udongo kwenye sehemu ya chini ya shina. Mizizi inapaswa kuanzia usawa wa ardhi au chini yake kidogo. Ukilazimika kuchimba sentimita 10 ndipo uikute, mti umezikwa. Ondoa udongo uliozidi, au uung'oe na kuupanda upya juu zaidi.

Tazama pia kilicho karibu. Ukuta mpya, sakafu ya zege, bwawa la saruji ambalo halijakomaa, au vifusi vya ujenzi vilivyofukiwa bustanini, vyote huachia chokaa kwa miaka. Mti uliopandwa kwenye shimo zuri lenye mboji ukakaa salama mwaka mmoja, kisha ukaanza kuwa njano, mara nyingi ni mizizi iliyovuka ukingo wa shimo ikakuta udongo wenye chokaa. Maji magumu nayo hufanya hivyohivyo taratibu: kila umwagiliaji unaongeza chokaa kidogo.

Tiba ya haraka ni chuma cha keleti, yaani kilichofungwa na kemikali inayokizuia kunaswa na udongo, cha aina ya EDDHA, ambacho hubaki kikitumika hata pH ikiwa juu ya 7. Kile cha EDTA hupoteza nguvu pH ikipita 6.5, kwa hiyo kwenye udongo wa chokaa ni fedha iliyotupwa. Yeyusha gramu 3 hadi 5 kwenye lita 10 za maji, mwagia kwenye udongo kwa kila mita ya mraba jioni, kwa kuwa mwanga huivunja keleti, kisha fuatisha maji kidogo. Rudia baada ya wiki sita ikihitajika.

Tiba ya kudumu ni kushusha pH. Kwenye udongo usiotoa mapovu kwa siki, changanya salfa ya unga gramu 30 hadi 50 kwa mita ya mraba kwenye sentimita chache za juu bila kujeruhi mizizi. Salfa hugeuzwa kuwa tindikali na bakteria, nao wanahitaji joto, unyevu na muda. Pima baada ya miezi miwili kabla ya kuongeza. Udongo ukitoa mapovu, usihangaike na salfa: chokaa iliyomo itaimeza yote. Jenga tuta lenye kina cha sentimita 40 hadi 50 juu ya ardhi, ulijaze mchanganyiko wa nusu vumbi la makumbi lililooshwa chumvi, robo mboji iliyoiva na robo mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Mchanga wa pwani wenye vipande vya makombe usiutumie, kwani hayo makombe ni chokaa. Maji magumu yatie asidi ya sitriki kidogo kidogo mpaka pH ishuke hadi 5.5 au 6, ukipima kila unapoongeza, au kusanya maji ya mvua.

Dalili mbili hufanana na hii. Kuti jipya likitoka dhaifu, limejikunja, vijani vyake vimekauka ncha kama vilivyochomwa, na makuti yanayofuata yanazidi kufupika, ni manganizi. Puliza salfeti ya manganizi, gramu 3 kwa lita 1, kwenye makuti machanga, huku ukirekebisha pH. Na kuti likifunguka na ncha za vijani zilizopinda kama ndoana, au likashindwa kufunguka kikamilifu na kubaki limekunjamana, ni boroni. Mara nyingi hii hutokea kuti moja au mawili baada ya mvua kubwa au ukame, kisha hali inajirekebisha. Usikimbilie kuiongeza: kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachoua kuna nafasi ndogo sana.

Makuti ya zamani yana madoa au kingo za njano

Chukua kijani kimoja cha kuti la chini ukishike mbele ya mwanga wa jua. Ukiona vidoa vidogo vya njano au rangi ya chungwa ambavyo mwanga unapenya, na ncha zimekauka, ni upungufu wa potasiamu. Madoa ya ukungu hayapitishi mwanga hivyo. Huwa na kitovu cheusi au kijivu chenye mpaka. Jaribio hili la sekunde tano linaokoa fedha nyingi za dawa za ukungu.

Ukiona badala yake mkanda mpana wa njano kwenye kingo za kuti zima huku katikati kukiwa kijani, ni magnesiamu. Na makuti ya chini yakipauka sawasawa hadi mti mzima ukawa kijani hafifu, ni naitrojeni, tatizo la vyungu zaidi kuliko la ardhini.

Kwa yote matatu, mbolea inayofaa ni ile ya minazi ya mapambo yenye uwiano wa 8-2-12 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) na asilimia 4 ya magnesiamu, ya aina inayoachia virutubisho taratibu. Kiwango ni gramu 70 hivi kwa mita ya mraba kila baada ya miezi mitatu, ikisambazwa chini ya kivuli cha makuti na si kurundikwa shinani. Mwaka wa kwanza toa nusu ya kiwango hicho. Ukikosa mbolea hiyo, changanya salfeti ya potasiamu sehemu 3 na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) sehemu 1, utoe gramu 20 kwa mita ya mraba kila mwezi. Usitoe potasiamu pekee kwa muda mrefu, maana inaizuia magnesiamu kuingia.

Mambo mawili huzidisha tatizo hili. La kwanza ni mbolea ya nyasi: ina naitrojeni nyingi, inaukuza mti haraka na kumaliza potasiamu iliyobaki. Ukiwa na nyasi pembeni, acha mita 2 bila mbolea hiyo kuzunguka kichaka. La pili ni kukata makuti yenye manjano. Yanachukiza macho, lakini mti bado unavuta potasiamu kutoka kwayo. Ukiyakata, unavuta kutoka kwenye yaliyo juu yake, na manjano hupanda ngazi moja. Kata tu kuti lililokauka kabisa. Kwa mnazi huu, ala iliyokauka hulegea yenyewe. Ikigoma isivutwe kwa nguvu, maana utaichana ala nyekundu iliyo chini yake na kovu hilo litabaki hadi nayo idondoke.

Wekundu hautokei, au umefifia

Kwanza angalia umri. Mche mchanga ni wa kijani tu. Rangi huanza kwenye vikonyo na hukolea shina linapoanza kuwa na ala kamili, kazi ya miaka. Mche wa urefu wa sentimita 30 usio na wekundu hauna ugonjwa.

Pili, mwanga. Mti uliokomaa kwenye kivuli kizito hutoa ala za rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani. Usogeze kwenye mwanga zaidi kwa hatua: wiki mbili chini ya neti inayozuia asilimia 50 ya mwanga, wiki mbili kwenye jua la asubuhi hadi saa nne, kisha jua kamili iwapo tu mizizi ina maji siku nzima. Ukiruka hatua, upande unaotazama jua utapata mabaka meupe yanayogeuka kuwa karatasi ya kahawia baada ya siku chache. Hilo ni jua, si ugonjwa, na makuti mapya yatatoka yakiwa sawa.

Tatu, thibitisha kwamba ndio wenyewe. Miche ya Areca vestiaria huuzwa kwa jina la mnazi mwekundu, lakini ala zake zinaelekea rangi ya chungwa na shina lake hutoa mizizi ya nguzo juu ya ardhi. Ala za njano kwenye kichaka chenye mashina mengi ni za Dypsis lutescens, mti wa kawaida kabisa. Na ipo Cyrtostachys renda yenyewe ya rangi ya chungwa, ambayo haitageuka nyekundu hata uitunze vipi.

Madoa ya kahawia baada ya usiku wa baridi

Mti huu husimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, na chini ya 10 makuti hupata madoa ya shaba au kahawia ndani ya siku chache. Usikate kitu wala kutia mbolea mpaka joto lirudi. Punguza maji na uondoe sahani, kwa sababu mizizi baridi iliyozama huoza. Mahali ambapo baridi ya namna hiyo huja kila mwaka, mti ukae kwenye chungu unachoweza kukihamisha.

Wadudu

Utitiri huja wakati wa ukavu. Kuti linapata vidoa vidogo sana vya kijivu kama vumbi, na wekundu unapauka. Weka karatasi nyeupe chini ya kijani, kigonge mara mbili. Chembe zinazotembea ndizo zenyewe. Osha upande wa chini wa makuti kwa maji yenye nguvu kila siku tatu, mara nne au tano, na jioni puliza sabuni laini ya maji mililita 5 kwa lita 1. Wakirudi kila mara, hewa bado ni kavu, na hilo ndilo la kushughulikia.

Vidung'ata (wadudu weupe kama vipande vya pamba) na wadudu gamba hujificha nyuma ya ala na kwenye mkunjo wa vikonyo, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni utando mweusi kama masizi juu ya makuti ya chini, unaoota kwenye utomvu mtamu wanaoutoa, na sisimizi wakipanda na kushuka. Ondoa ala zilizolegea, wafute kwa pamba iliyolowa spiriti, kisha sabuni ileile kila wiki kwa mwezi mmoja. Zuia sisimizi, maana wao huwalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala.

Makuti yakifunguka yakiwa yamekatwa kwa umbo la V, kana kwamba na mkasi, ni chonga, yule mbawakavu mwenye pembe. Alitoboa jani la katikati likiwa bado limefungwa. Tafuta tundu lenye nyuzi zilizotafunwa, mtoe kwa waya wenye ndoana, uweke mchanga safi kwenye makwapa ya makuti ya juu. Kisha tafuta anapozalia: lundo la mboji, samadi au gogo linalooza. Geuza lundo kila wiki mbili na uokote mabuu meupe.

Jani la katikati linanyauka au linang'oka

Shika jani la katikati kwa vidole viwili ulivute kwa upole. Likitoka bila ukinzani, na sehemu yake ya chini ni laini, ya kahawia, yenye harufu ya kuoza, kilele kimeshambuliwa na ukungu au bakteria. Kila shina la mnazi lina kilele kimoja tu cha kukulia. Kikifa, shina hilo halitoi kuti jingine.

Toa tishu zote zilizooza kwa kijiko, mimina hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye tundu, acha ichemke mpaka povu litulie, rudia siku inayofuata, kisha tia dawa ya ukungu yenye shaba kwa kipimo cha lebo, ukiielekeza tunduni tu. Zuia mvua isiingie na usimwagilie kwa juu. Subiri hadi miezi mitatu. Nafasi ya kupona si kubwa, ila mti huu una faida moja kubwa: ni kichaka. Shina lisipotoa jani jipya, likate karibu na ardhi kwa msumeno uliopitishwa kwenye jiki iliyochanganywa na maji mara tisa, na mashina mengine yataendelea.

Usichanganye hilo na uozo wa tako la shina. Ukiona uyoga mgumu unaoota kama rafu kwenye sehemu ya chini ya shina, mweupe ukiwa mchanga na wa kahawia unaong'aa baadaye, ni Ganoderma. Hakuna dawa. Ng'oa kichaka pamoja na visiki na mizizi uwezayo kuipata, uvitoe bustanini bila kuvisaga kuwa matandazo, na usipande mti wowote wa jamii ya minazi hapo.

Mche mpya hausongi mbele, au chipukizi limekufa baada ya kugawanywa

Kudumaa kwa miezi sita baada ya kupanda ni kawaida mradi jani la katikati linasogea hata kidogo. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye jani hilo na kwenye kikonyo kilicho jirani. Mistari ikiachana, mti unakua, uache.

Machipukizi hufa kwa sababu moja kuu: yametenganishwa yakiwa hayana mizizi yake. Chagua lenye makuti matatu au zaidi, fukua uone mizizi inayotoka kwenye tako lake lenyewe, kisha kata kiungo kati yake na mama kwa msumeno mkali na urudishie udongo. Liache hapohapo kwa miezi miwili au mitatu. Likiendelea kuwa kijani, lichimbe na donge lake, punguza nusu ya makuti, lipande kwenye chungu kisichozidi donge kwa zaidi ya sentimita 5, na liweke chini ya kivuli cha asilimia 70 katika joto la nyuzi 27 hadi 30, likiwa limefunikwa mfuko wa plastiki wenye matundu. Sahani ya maji isitumike mpaka kuti jipya litoke.

Mbegu ni njia ya uhakika zaidi kwa mwenye subira, lakini lazima ziwe mbichi. Tunda lililoiva ni jeusi na dogo. Menya nyama yote, loweka mbegu saa 24 hadi 48, zipande kwa kina cha sentimita 1 kwenye vumbi la makumbi lenye unyevu, kwa nyuzi 27 hadi 32. Nyingi huota kati ya miezi miwili na minne, baadhi huchelewa zaidi. Mbegu zilizokaushwa kama mahindi ya akiba hazioti, na muuzaji anayezileta zikiwa kavu kwenye bahasha hana cha kukuuzia.